Jinsi ya Kuitembelea Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia kwa Kufuata Maji

Anayepanga safari ya kwenda Mafia kwa kawaida huanza na kalenda ya likizo na nauli. Ushauri wangu ni kwamba aanze na mwezi wa angani, kwa sababu katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia karibu kila jambo linalomvutia mgeni, yaani matumbawe, mafungu ya mchanga, magofu ya Kua na hata mapito ya mashua kati ya visiwa, huongozwa na kujaa na kupwa kwa maji. Mgeni aliyezipatia siku zake huona katika siku tatu kile ambacho mwingine hakioni kwa juma zima. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikiwa nimeketi ndani ya mashua iliyokwama topeni mbele ya mikoko, kwa kuwa aliyenipangia safari alichagua saa ya kuondoka kwa kufuata muda wa kifungua kinywa, wala hakumuuliza nahodha maji yatakuwa wapi. Tangu hapo sipangi siku ya Mafia kabla ya kuangalia mwandamo.

Hifadhi ilivyo

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya kutungwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, nayo ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, sehemu kubwa ikiwa ni bahari, na inajumuisha upande wa kusini na mashariki wa kisiwa kikuu pamoja na visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Ndani ya maji yake zimeorodheshwa aina zaidi ya 400 za samaki.

Mgeni aliyezoea hifadhi za wanyama za bara anapaswa kuelewa jambo moja mapema: ndani ya hifadhi hii watu wanaishi, wanalima, wanavua na kulea watoto wao. Bahari imegawanywa katika kanda. Katika kanda ya msingi uvuvi wa namna yoyote hauruhusiwi. Katika kanda ya matumizi maalumu wakazi wa vijiji vya hifadhi huvua kwa zana zilizokubaliwa. Na katika kanda ya matumizi ya jumla masharti ni mepesi zaidi. Kwa hiyo ukimwona mzee akitupa mshipi hatua chache kutoka mahali unapotaka kuogelea, usidhani kwamba anavunja sheria. Mara nyingi yeye ndiye mwenyeji wa mahali hapo, na kumpisha kwa salamu ni adabu.

Kuhesabu maji

Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo huwa na nguvu. Kati ya bamvua moja na nyingine huja siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mikondo hupoa. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Faida ya mgeni imo katika saa. Katika pwani yetu, siku za mwandamo na za mwezi mpevu maji hujaa kabisa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Baada ya juma moja hali imekwisha kugeuka, maji yakijaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni.

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kuchagua unachokitaka. Anayependa mafungu ya mchanga, yale yanayochomoza katikati ya bahari kisha kumezwa tena, aende siku za bamvua au mara tu baada yake, kwa kuwa ndipo mchanga huanikwa kati ya asubuhi na adhuhuri. Anayependa kutazama matumbawe aende kuelekea maji mafu, wakati ambapo asubuhi nzima maji yanapanda polepole na mkondo haumsumbui. Mwenye siku tano na anayetaka vyote viwili namshauri afike siku ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku ya kwanza atalikuta fungu likiwa wazi adhuhuri, na kufikia siku ya tano atakuwa na asubuhi za maji yanayojaa, yaliyo safi na matulivu.

Usafi huo una sababu yake. Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa na mikoko, na inapumua kupitia milango michache, mkubwa wake ukiwa Mlango wa Kinasi unaofungukia bahari kuu upande wa mashariki. Maji yanapojaa, huingia maji ya bahari kuu, ambayo ni maangavu na yanamwezesha mtu kuona mbali. Yanapotoka, huondoka na tope la mikoko na vumbi la sakafu ya ghuba, na tena hutoka kwa kasi ya kuweza kumchukua mwogeleaji hodari. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usalama na kanuni ya kwanza ya kuona vizuri ni moja: ingia majini wakati maji yanajaa, na uwe chomboni kabla hayajageuka. Karibu na Mlango wa Kinasi, mtu asiye na mwongozaji asiogelee kabisa.

Kuhusu majira ya mwaka nitasema kwa kifupi. Miezi ya masika, hasa Aprili na Mei, mvua ni nyingi na nyumba kadhaa za wageni hufungwa. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi. Hewa ni ya baridi kidogo na nje ya ghuba bahari huchafuka, ingawa ndani ya ghuba kwa kawaida mtu huogelea bila taabu. Kuanzia Oktoba bahari hutulia, na wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika, vyombo vinaweza kuvuka milango na kwenda kwenye miamba ya nje. Ningelazimika kuchagua mwezi mmoja tu, ningechagua Oktoba au Februari.

Kufika na kulipa

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa hadi kiwanja cha Kilindoni, mji mkuu wa wilaya. Mizigo hupimwa kwa ukali, mara nyingi kilo 15 kwa abiria, kwa hiyo mwenye mapezi yake ya kuogelea, yale yanayovaliwa miguuni, na vyombo vizito vya kupigia picha apime nyumbani. Njia ya bei nafuu ni ya barabara na bahari: basi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha chombo cha kuvuka hadi Kilindoni, kikiwemo kivuko cha serikali cha MV Kilindoni. Chombo hupita kwanza katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, na hicho peke yake ni kitu cha kutazama. Usikubali kupanda boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na maboya ya kuvaa kwa kila abiria, hata ukiambiwa kwamba ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo. Kulala Nyamisati si hasara.

Kutoka Kilindoni hadi Utende, lilipo lango la hifadhi, ni kama kilomita 15 za barabara ya lami, na bajaji, bodaboda na magari ya abiria hupatikana. Chukua fedha taslimu ukiwa Kilindoni, kwa kuwa benki ziko huko. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa langoni na huhesabiwa kwa siku, kwa viwango tofauti vya raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi na wageni wasio wakazi. Beba kitambulisho kinachothibitisha kundi lako, dai stakabadhi yenye jina lako, na uiweke mahali pakavu, maana askari wa hifadhi wanaweza kuiomba hata ukiwa baharini. Ni vizuri kufahamu kwamba ada hiyo hulipwa na kila anayelala ndani ya mipaka ya hifadhi, hata kama hatatia mguu majini. Anayetaka kupunguza gharama hulala Kilindoni na kuingia Utende kwa siku zile tu alizopanga kwenda baharini.

Kupata chombo na vifaa

Unapokodi mashua, zungumza na nahodha mwenyewe. Dalali wa ufukweni anaweza kuwa mtu mwema, lakini si yeye atakayeshika usukani. Muulize nahodha mambo manne: maji yatajaa saa ngapi kesho, chombo kitafungwa kwenye boya au kitatupa nanga, maboya ya kuvaa yako mangapi, na nani ataingia majini pamoja nawe. Nahodha anayelijibu swali la kwanza bila kutazama simu ndiye wa kwenda naye. Kuhusu nanga, jibu zuri ni kwamba chombo kitafungwa kwenye boya lililowekwa, au nanga itatupwa juu ya mchanga mtupu. Nanga moja ikiburuzwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichojengwa kwa miaka mingi. Matumbawe ya umbo la jiwe kubwa hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka, na pengine pungufu. Jiwe lenye kimo cha mtu ni kazi ya karne nzima na zaidi.

Miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia hukodishwa Utende, ila miwani ndicho kifaa ambacho ningemshauri kila mtu anunue chake. Ijaribu kabla ya kulipa: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imeshika, inakufaa. Ikianguka, hakuna mkanda utakaoizuia kuvuja. Mwenye ndevu au masharubu apake mafuta mazito kidogo pale mpira unapogusa. Mapezi yasibane, na ndani yake uvae soksi nyepesi ili yasichubue. Badala ya kujipaka losheni nyingi za kukinga jua, ambazo baadhi yake zina kemikali zinazodhuru matumbawe, vaa fulana ya mikono mirefu inayobana mwili. Fulana hukinga mgongo kuliko losheni yoyote, na kwa mwanamke anayependa kujisitiri ni vazi linalofaa ghubani na ufukweni pia.

Ndani ya maji

Asiyewahi kuogelea kwa mrija aanze kwenye maji ya kifuani, mahali penye mchanga, na asikimbilie matumbawe. Alaze uso majini, apumue taratibu kwa mdomo, ahesabu pumzi 20 kabla ya kunyanyua mguu. Maji yakiingia kwenye mrija, yapulizwe nje kwa pumzi moja ya nguvu. Yakiingia kwenye miwani, inua kichwa, inama kidogo na uyamwage. Mtu anayefanya haya mara tano katika maji mafupi hatahangaika kwenye kina, na asiyehangaika hapigi mateke, na asiyepiga mateke havunji kitu. Aliye na wasiwasi avae boya, na nahodha yeyote mwenye busara hataona ajabu.

Mahali pa kuanzia ni miamba ya ndani ya Ghuba ya Chole, ambayo huhitaji safari fupi tu ya mashua. Ukishazoea, omba upelekwe Kitutia, upande wa kusini, ambako mwamba mpana una fungu la mchanga kando yake. Safari ni ndefu, hivyo ianze mapema na iangukie siku ambayo maji yanapwa mchana: utaogelea kabla au baada ya kupwa, na katikati yake utakula chakula juu ya mchanga mweupe usio na hata mti mmoja. Beba kivuli chako, maji ya kunywa ya kutosha, na mfuko wa kurudishia kila ganda na kila chupa. Fungu la Marimbani ni la namna hiyohiyo, na ni karibu zaidi.

Kuhusu fukwe ni lazima niseme kweli, kwa sababu wapo wanaofika wakitarajia ufuo mrefu kama ule wa Nungwi au Paje na kuondoka wamevunjika moyo. Mbele ya Utende kuna mikoko, na maji yakipwa hubaki eneo pana la tope na nyasi za baharini. Hiyo si kasoro. Mikoko na nyasi hizo ndizo malezi ya samaki wadogo watakaohamia miambani, na ndiyo malisho ya kasa. Mchanga mzuri wa Mafia uko kwenye mafungu na visiwa vidogo, na sehemu kubwa ya mchanga huo imetoka tumboni mwa pono, samaki wa rangi wanaotafuna matumbawe yaliyokufa na kuyatoa yakiwa unga mweupe. Ukiwa majini unaweza kuwasikia wakigegeda, ikiwa utatulia na kushika pumzi.

Utulivu ndio unaoleta vitu karibu. Elea juu ya sehemu moja kwa dakika kumi, mikono ikiwa imefungwa kifuani, nawe utaona changu, kangaja na vipepeo bahari wakirudi kwenye shughuli zao. Chini ya ukingo atatokea chewa, na katika tundu utaona kichwa cha mkunga akifungua na kufunga kinywa. Hatishii, anapumua. Usiingize mkono tunduni kwake. Usisimame juu ya matumbawe hata mara moja, hata kuchovya ncha ya kidole cha mguu ili kurekebisha miwani; ukichoka, lala chali. Usiwalishe samaki mkate. Makombe na magamba, hata yale matupu, yabaki yalipo, kwa kuwa kaa wadogo huyatumia kama nyumba, na kuyachukua ni kosa hifadhini. Unapotembea majini maji yakiwa mafupi, vaa viatu na uburuze miguu polepole ili taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hujamkanyaga. Ukiguswa na konyeza, suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga, na umwonyeshe mwongozaji mapema.

Utakutana pia na sehemu za mawe ya kijivu yasiyo na uhai. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi, na Mafia haikusalimika. Sehemu nyingine zimeota upya na nyingine bado. Muombe mwongozaji akuonyeshe zote mbili, kwa sababu aliyekua akizamia hapo huweza kukusimulia mwamba mmoja ulivyokuwa mwaka hadi mwaka, na hakuna kitabu kitakachokupa hilo.

Chole na Juani

Siku ambayo mikondo ni mikali usiipoteze ukiwa umekaa. Vuka kwenda Chole, kisiwa kidogo ambacho Wajerumani walikifanya makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Magofu ya majengo yao yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Chole kuna mafundi wanaounda majahazi kwa mkono, na kuna popo wakubwa walao matunda ambao mchana huning'inia mitini na jioni huruka kwa mamia kwenda kutafuta chakula. Watazame kwa ukimya, wala usimruhusu mtoto awarushie mawe ili waruke upate picha.

Juani ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni magofu ya Kua, mji wa mawe wenye misikiti, makaburi na nyumba kubwa, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kuachwa. Mashua hufika pwani yake vizuri maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo siku za bamvua ni safari ya alasiri. La pili ni kasa. Upande wa bahari kuu wa Juani kasa hupanda kutaga, na baada ya takribani miezi miwili mayai huanguliwa. Uanguaji huonekana zaidi kati ya Juni na Septemba. Wahifadhi wa kijijini, waliofunzwa kwa msaada wa shirika la Sea Sense, huhesabu siku za kila kiota na kutoa taarifa kikikaribia, na sehemu ya mchango wa wageni hurudi kwa kijiji. Mgeni asimame nyuma ya mstari atakaoonyeshwa, azime tochi na mwanga wa simu, na asimsaidie kifaranga kufika majini, hata akimwona amepinduka. Kazi hiyo ni ya mhifadhi.

Vijijini, vaa nguo za kufunika mabega na magoti, amkia wakubwa kwa shikamoo kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Karibu kila nyumba utakayopita ni ya Waislamu, na heshima hiyo hukumbukwa utakaporudi.

Potwe

Wengi huenda Mafia kwa ajili ya potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, nao hushangaa kusikia kwamba haonekani ndani ya hifadhi. Kuanzia Oktoba hadi takribani Machi, potwe hula karibu na Kilindoni, upande wa magharibi, nje ya mipaka. Safari huanza asubuhi kutokea Kilindoni, na nahodha humtafuta kwa kuangalia wavuvi wa dagaa, kwa kuwa samaki huyo na wavuvi hufuata maji yaleyale yenye vijidudu na viduvi vya bahari. Ingieni wachache, teremka polepole bila kuruka, ogelea ubavuni mwake kwa umbali wa mita tatu au zaidi, jihadhari na mkia, na usimguse wala usitumie mwanga wa kamera. Nahodha akikata njia mbele yake ili umwone kwa karibu, mwambie wazi kwamba hutaki; mkifanya hivyo nyote chomboni, hatarudia.

Aliyezamia kwa mtungi wa hewa apumzike saa 18 hadi 24 kabla ya kupanda ndege. Anayeondoka kwa chombo cha kwenda Nyamisati arudi Kilindoni siku moja kabla, aulize bandarini saa ya kuondoka ya kesho, na wakati wa kusi aache angalau siku moja ya akiba Dar es Salaam kabla ya safari yake nyingine, kwa kuwa bahari ikichafuka vyombo husubiri.